Mshono Juu ya Mkato

"Shikamoo, mzee."

Mzee Pankrasi Haule hakuitikia. Alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mdomo wake wa chini umevimba, na alimtazama Inspekta Sharifa Chitete kama mtu anavyomtazama nzi aliyetua kwenye uji wake.

Sharifa alizaliwa Tunduru, akalelewa na bibi asiyevumilia mtoto ampite mkubwa bila kumwamkia. Alijua uzito wa salamu isiyoitikiwa. Akamgeukia Koplo Jumanne aliyesimama mlangoni na daftari lake.

"Nani kampiga?"

"Alikuwa mkaidi, afande. Aligoma kupanda gari."

"Nimeuliza nani."

Koplo akatazama dari.

"Nenda ukalete maji ya kunywa na kitambaa safi. Ukirudi, kaa uandike. Na tukimaliza hapa, utaandika na habari ya huo mdomo, kwa mkono wako, na jina lako chini yake."

Siku nne nyuma, Remmy Ngonyani, fundi wa kupanda minara ya simu, alikuwa ameanguka kutoka mita arobaini kwenye mnara ulioko kilimani nyuma ya Msamala. Alikuwa amezungusha mkanda wake kwenye nguzo, akauegemea ili mikono yote miwili iwe huru kukaza nati. Mkanda ukaachia. Jioni hiyohiyo msimamizi wake, Makarius Nchimbi, akaandika maelezo polisi: mkanda ulishonwa na Pankrasi wa Majengo, mzee anayeshona kwa mkono maturubai ya malori, mahema, mabegi ya mgongoni ya askari wa wanyamapori, na kila kitu kizito kinachoishinda cherehani. Sharifa siku hizo alikuwa Namtumbo kwa kesi nyingine. Aliporudi asubuhi hii, alikuta mzee yuko mahabusu tangu jana na jalada limeandikwa kama hukumu.

Maji yalipokuja, mzee alisukutua, akatema kwenye kitambaa, akakikunja vizuri. Sharifa akaufungua mfuko wa kielelezo na kuutandaza mkanda mezani. Ulikuwa mpana kama kiganja, wa nailoni, wa njano iliyopauka, umeachana katikati. Nyuzi za buluu zilining'inia kwenye ncha zote mbili.

"Mshono huu ni wako?"

"Kama huo ni wangu, nikatwe mkono."

"Makarius anasema ni wako."

"Makarius ni mwongo. Andika. Wewe uliyenipiga, andika: Makarius ni mwongo."

"Neno la mtu halitanitosha, mzee, liwe lako au lake. Nionyeshe."

Akatoa mkobani vitu alivyovichukua kibandani Majengo kabla ya mahojiano, mbele ya majirani wawili waliotia sahihi: msharasi wa kutobolea, wenye mpini uliong'aa kwa jasho la miaka, sindano mbili butu, bonge la nta ya nyuki, na uzi mnene mweusi. Akaweka na vipande viwili vya mkanda mpya alivyoviomba kikosi cha zimamoto.

Mzee aliviangalia vifaa vyake kwa muda. Kisha hasira yake ikahamia mikononi. Akaupitisha uzi kwenye nta mara tatu hadi ukalia, akatia sindano kila ncha, akakandamiza vipande viwili katikati ya magoti. Msharasi aliushika kwa mkono wa kushoto. Akatoboa, akapitisha sindano moja kutoka huku na nyingine kutoka kule, zote katika tundu lilelile, kisha akavuta kwa mikono miwili hadi mabega yakapanda. Akatoboa tena. Jumanne alisahau kuandika.

"Uzi mmoja, sindano mbili," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Mshono mmoja ukikatika, jirani yake hana habari. Sasa tazama uchafu wenu huo."

Sharifa alipima kwa rula. Mishono ya mzee ililala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, ikilingana yote, na matundu yake yalijifumba yenyewe. Ya kwenye kielelezo yalikuwa matundu makubwa ya mviringo, yaliyochanwa na sindano nene bila kutobolewa kwanza. Uzi haukuona nta. Ulikwenda kwa sindano moja, ukizunguka ukingo, na kila baada ya hatua tatu ulirudi nyuma na kujifunga kitanzi.

"Umeona?" mzee alisema. "Na si hilo tu. Mkanda huo niliukata mimi."

Kalamu ya koplo ikasimama. "Afande! Amekiri!"

"Nyamaza. Mzee, uliukata lini, na kwa nini?"

"Siku moja kabla ya kijana kufa. Makarius alileta mahema mawili, turubai na huo mkanda. Mahema nikashona. Turubai nikashona. Mkanda nikaukunja, ukatoa unga. Jua na mvua vimeula. Nikamwambia, kitu cha kubeba roho ya mtu hakitiwi kiraka, kinatupwa. Akasema, mzee wewe shona, maneno mengi ya nini. Nikachukua kisu nikaukata katikati mbele ya macho yake, ili asije mwenda wazimu mwingine akauvaa. Akauokota, akanitukania mama yangu, akaondoka. Mama yangu amelala makaburini Peramiho tangu mwaka themanini na tatu!"

Alipiga meza kwa ngumi. Bonge la nta likaruka na kuviringika chini.

Sharifa akachukua kioo cha kukuzia, akainama. Ncha mbili za mkanda zilikuwa zimenyooka, safi, kazi ya kisu kikali cha mkupuo mmoja. Kwa dakika moja nzima alifikiria kile koplo alichokuwa akikifikiria: mkanda umekatwa, mtu ameuawa. Lakini kila ncha ilikuwa na safu ya matundu ndani yake kwa upana wa vidole vinne, mahali ncha moja ilipolazwa juu ya nyingine. Na hakuna uzi hata mmoja wa buluu uliokatwa na kisu. Zote zilikuwa zimefumuka na kuchanika, vichwa vyake kama ndevu za mahindi.

"Kisu kilitangulia, sindano ikafuata," alisema. "Mtu angeukata huu ili kumuua Remmy, angekata pamoja na mshono. Aliyekata alitaka usitumike. Aliyeshona alitaka utumike. Ni watu wawili hao."

"Lakini afande, kuna na huyo Muhsini," Jumanne alisema, akigeuza kurasa za jalada. "Makarius ameeleza hapa. Mpanda minara mwenzake. Walishikana mashati na marehemu asubuhi ileile, chini ya mnara. Huenda yeye ndiye aliyeshona vibaya makusudi."

"Huenda. Nitamuuliza mwenyewe. Mzee anarudi nyumbani kwake sasa hivi, kwa gari, na wewe utamfungulia mlango."

Mzee Pankrasi akakusanya vifaa vyake, akaiokota nta, akatoka. Hakuaga.

*

Muhsini alikutwa Lizaboni, amekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, kifua wazi na baridi yote ile ya Julai. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mabega mapana. Alipoona kitambulisho cha polisi alicheka.

"Mmekuja kunikamata mimi sasa? Mzee wa watu hajatosha?"

"Nimekuja kukuuliza kwa nini ulimshika shati mtu aliyekufa saa moja baadaye."

"Kwa sababu nilitaka abaki chini!" Aliruka akasimama. "Nilimwona amevaa lile dude. Nikamwambia, Remmy, vua, wallahi vua, huo si mkanda. Akasema, niache. Nikamshika. Akanisukuma. Makarius akaja akasema mwenye maneno aende kwao, kazi ina watu. Remmy akapanda. Mimi nikabaki nimesimama pale kama nguzo, inspekta. Nilipaswa kumvunja mguu. Mtu mwenye mguu uliovunjika angekuwa anakunywa chai leo."

"Kwa nini hakukataa?"

"Ulishawahi kukataa kwa Makarius? Asiye na mkanda habaki juu, anabaki nje ya geti. Wawili walikataa mwezi wa tano. Uliza wako wapi."

"Nani aliushona?"

"Sijui."

"Muhsini."

"Sijui, nakuapia! Makarius alimtupia siku moja kabla, jioni, vipande viwili. Asubuhi Remmy akaja nao umeshonwa. Usiku ule alilala kwake. Msamala."

Sharifa aliandika neno hilo moja, akaliangalia. Alikuwa na mambo mawili sasa: sindano nene na nyumba. Hakupenda jinsi yalivyokuwa yanakaribiana.

"Mikanda mingine mnayo ya namna gani?"

"Nenda kaione," Muhsini alisema. "Leo amempandisha Saimon."

"Leo? Mnara uleule?"

"Uleule. Damu haijakauka vizuri kwenye kokoto."

Sharifa alipiga simu kwa mkuu wake akaomba amri ya kusimamisha kazi pale. Aliambiwa asubiri, kwamba kampuni ina barua kutoka juu, kwamba yeye ashughulike na fundi wa Majengo kwanza. Alijibu "Ndiyo, afande" kwa sauti iliyomfanya Jumanne, aliyekuwa ameshika usukani, asogee kidogo.

"Msamala," alimwambia. "Haraka. Tukitoka hapo tunapanda kilimani, barua au bila barua."

*

Nyumba ya Remmy ilikuwa ya tofali za kuchoma, yenye mkeka wa wafiwa barazani. Wanawake walisogea kumpa Sharifa nafasi. Akawapa pole, akavua viatu, akakaa kama msiba unavyotaka. Mjane, Adela, alikuwa ameegemea ukuta, kanga mabegani, macho makavu.

"Kampuni walikuja jana," Adela alisema. "Wameleta unga na maharage. Wamesema aliteleza."

"Nani alisema?"

"Yule bosi wao. Alisema Remmy hakuwa makini."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kupitia hapo aliona ua, na uani magunia ya mahindi yamepangwa hadi usawa wa dirisha. Ulikuwa msimu wa mavuno. Nusu ya wanawake wa mtaa ule walikuwa wakiwashonea wafanyabiashara magunia. Akaomba maji. Mtu alipotaka kumletea, akasema atayafuata mwenyewe.

Alisimama mbele ya magunia akiwa ameshika kikombe, na hakunywa. Midomo ya magunia ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa buluu. Ulizunguka ukingo kwa sindano moja, na kila baada ya hatua tatu ulirudi nyuma na kujifunga kitanzi.

Angeweza kuondoka. Alilifikiria jambo hilo kwa uwazi kabisa, jinsi mtu anavyofikiria kuvuka barabara. Alikuwa na ushahidi kuwa mzee hakushona, na Makarius alidanganya. Aliyeshona angeweza kubaki "mtu asiyejulikana". Lakini wakili wa kampuni angekuja hapa baada ya wiki moja, angeona magunia haya, naye asingevua viatu.

Nyuma yake Adela alikuwa amekuja, ameshika mlango.

"Unaangalia nini?"

"Ni kazi yako hii?"

"Ya nani tena?"

"Adela. Usiku wa mwisho, Remmy alikuletea kitu ukishone?"

"Mkanda wa begi lake la nyundo. Ulikuwa umekatika. Nikamwambia sindano yangu ni ya magunia, akasema hiyohiyo ndiyo ngumu. Nikamuuliza, begi gani lina mkanda mpana hivi? Akacheka, akasema..."

Sharifa aliona jambo likipanda usoni mwake polepole, kama maji yanavyopanda kisimani.

"Ulikuwa wa nini?" Adela aliuliza.

"Ndio aliouegemea."

Kisha Adela akashika gunia la juu kwa mikono miwili, akalivuta, likaanguka na kupasuka. Akashika la pili. Mahindi yalimwagika hadi miguuni pa Sharifa.

"Mwongo!" alipiga kelele. Hakuwa akimwambia Sharifa. "Remmy, mwongo wewe! Begi! Uliniambia begi! Ulikaa hapa unanishikia taa, unanisifia mshono, huku unajua! Mwongo mkubwa wewe!"

Wanawake wakakimbilia mlangoni. Sharifa akawainulia mkono wasimame.

"Adela, nisikilize. Ulishona begi. Ndivyo ulivyofanya na ndivyo nitakavyoandika, kwa sababu ndiyo kweli. Ulipewa begi, ukashona begi. Aliyejua ni mkanda wa kupandia yuko kilimani sasa hivi, na kuna mtu mwingine juu. Simu ya Remmy iko wapi?"

Adela alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Akaingia ndani, akarudi na simu yenye kioo kilichopasuka.

"Ilikuwa mfukoni mwake. Sijaigusa. Siwezi."

Naye akataja namba ya siri, tarehe ya ndoa yao, kwa sauti kama anatema.

Ujumbe ulikuwa wa sauti, wa saa kumi na mbili na robo jioni, siku moja kabla ya kifo. Sharifa akamwita Jumanne kutoka garini, akaurudia mara mbili, naye akiurekodi. Sauti ya Makarius ilikuwa ya mtu anayekula: "Remmy, usinisumbue. Mikanda mipya haijatoka Dar. Wako kaukata yule mzee chizi wa Majengo, mimi sina mwingine. Ushone popote, kwa yeyote. Kesho saa moja uwe juu. Ukichelewa, usije tena."

Jumanne aliisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo alijua mzee hakushona," alisema. "Alinitazama usoni, afande, akaniambia nikamchukue."

"Nawe ukaenda," Sharifa alisema. "Washa gari."

*

Makarius Nchimbi alikuwa amekaa ndani ya gari lake jeupe chini ya mnara, mlango wazi, kofia ngumu safi kichwani. Juu kabisa, mtu mdogo kama mende alikuwa akisogea kwenye vyuma. Mafundi wanne walisimama kando ya kontena lililotumika kama stoo. Waliona polisi, wakaacha kuongea.

"Mshushe," Sharifa alisema.

"Inspekta, karibu. Tuna ratiba..."

"Mshushe."

Makarius alipuliza filimbi. Mtu wa juu akapunga mkono na kuanza kukusanya vifaa.

"Bwana Makarius, kwenye maelezo yako umesema mkanda wa Remmy ulishonwa na Pankrasi Haule. Bado unasema hivyo?"

"Ndiyo. Niliupeleka mwenyewe."

"Ulimwona akiushona?"

"Nilimwachia, nikaufuata umeshonwa. Sasa kama mzee kazi yake mbovu, mimi nifanyeje?"

"Andika, koplo."

Jumanne akaandika. Makarius akatia sahihi, akiwa bado anatabasamu. Ndipo Sharifa akaiinua simu ya Remmy na kuifungulia ile sauti, juu kabisa, hadi wale wanne wakaisikia. Tabasamu la Makarius halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni pake kama kitu alichosahau kukitoa.

"Hiyo... nilimwambia ashone kwa fundi anayejua. Sasa kama alipeleka kwa mtu wa ovyo, huyo ndiye wa kukamatwa. Mtafuteni huyo."

"Fungua stoo."

Ndani ya kontena mikanda saba ilining'inia kwenye misumari. Sharifa hakuhitaji kioo cha kukuzia. Mmoja ulikuwa na fundo. Mmoja umefungwa waya. Miwili ilitoa unga ikikunjwa, kama Mzee Pankrasi alivyosema. Akatoka, akasimama pembeni ya mlango.

"Chagua wowote," alisema.

"Eti?"

"Hii ni mikanda yako. Unawapa watu kila siku, unasema inafaa. Chagua mmoja, uvae, upande hatua kumi tu, uegemee. Simlazimishi mtu. Ukifanya hivyo, naandika kwamba uliamini vifaa vyako, na mahakama itakusikiliza."

Makarius akawatazama mafundi. Hakuna aliyemsaidia kwa jicho. Akaingia. Akashika mkanda wa kwanza, akaugeuza, akaurudisha msumarini. Akashika wa tatu, akaukunja, akapangusa vidole kwenye suruali. Alipofika wa tano, mkono wake ulibaki hewani.

"Kuna mizuri kwenye gari," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Mingapi?"

"Miwili. Ni ya wageni wa makao makuu. Wakija kukagua."

Jumanne akaenda kwenye gari jeupe. Akarudi na mikanda miwili ya buluu, mipya, bado imo ndani ya nailoni zake, lebo hazijatolewa. Mmoja wa wale mafundi wanne, mtu mzima mwenye mvi, akatoa sauti kooni kama amepigwa tumboni, akaanza kumwendea Makarius. Wenzake wakamshika. Sharifa mwenyewe ilimbidi aweke mikono nyuma, mmoja umeshika mwingine, kwa sababu aliiona tayari shingo ya yule mtu ndani ya vidole vyake.

"Makarius Nchimbi," alisema, "nakukamata kwa kosa la kusababisha kifo cha Remmy Ngonyani, na kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Huna lazima ya kusema lolote. Utakalosema litaandikwa."

"Na huyo aliyeshona?" Makarius alipiga kelele pingu zilipofunga. "Mbona humtaji? Ni nani?"

"Shahidi wangu wa kwanza."

Simu ya Sharifa ilikuwa ikiita mfukoni. Akaitoa, akaona jina la mkuu wake kwenye kioo. Aliiacha iite.

"Twende, afande?" Jumanne aliuliza, ameshamwingiza Makarius kwenye gari la polisi.

"Bado."

Saimon alikuwa katikati ya mnara. Alishuka ngazi moja, akahamisha mkanda wake, akaukaza, akashuka nyingine. Kila alipoegemea ili kuhamisha mkono, watu saba waliokuwa chini waliacha kupumua. Hakuna aliyemwita. Upepo wa kilimani ulipiga shati lake. Ilimchukua muda mrefu sana, na Sharifa hakuondoa macho juu yake hata mara moja, hadi buti la kwanza likagusa kokoto, kisha la pili.

"Kuna nini?" Saimon aliuliza, akiwatazama mmoja mmoja. "Mbona mmesimama hivyo?"

Yule mwenye mvi akamwendea, akamfungua mkanda kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.